Bia ya Fabien na Neno Alilobaki Nalo

Padri wetu, Maman Laurence na watoto, majirani wa Nyakarenzo, na ninyi mliovuka Ruzizi asubuhi hii kutoka Bukavu, familia imenipa mimi, Mbarushimana, mdogo wake wa kumfuata, kazi ya kuwasomea maisha ya Fabien Habimana, na hata leo ni yeye anayesifiwa na mimi ninayesifu.

Fabien alizaliwa tarehe 12 Machi 1968 huko Kadutu, Bukavu, ambako wazazi wetu walikuwa wakimbizi, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ndizeye na Maman Nyiransabimana, akaanza shule ya msingi mwaka 1974, akaacha sekondari mwaka 1985, mimi nikaendelea hadi diploma, lakini wageni wakifika, papa wetu alimwita Fabien aonje kasiksi, bia yetu ya ndizi, kwa kuwa ulimi wake ulitambua hata ndizi zilizotolewa kwenye shimo la kuivishia kabla hazijaiva sawasawa, na diploma yangu ikabaki ukutani.

Mwaka 1995 tulirudi Rwanda, tukalima migomba hapa Nyakarenzo, shamba lake na langu yakipakana, tukatengeneza urwagwa, ndiyo ile ile kasiksi, ndizi zile zile, mtama ule ule wa kukaanga, maji ya chemchemi moja, na watu wakapita mlangoni kwangu kwenda kwake, mamangu wee, wanaume wazima wananusa kikombe kabla ya kunywa, eti kwa sababu Fabien amewaambia bia nzuri hainywewi mbio.

Alijua kila watu na unywaji wao, wa Bukavu, ambao kwao chupa ya muntu haiguswi na mwingine, aliwajazia kila mmoja chupa yake, wazee wa Gitambi aliwawekea chungu kimoja na mirija, na Mzee Mudathiru, fundi cherehani wa Kamembe, kwa kuwa ni Mwislamu, alimpa maji ya ndizi yaliyokamuliwa asubuhi ile ile, katika kibuyu ambacho hakijawahi kutiwa bia, na Mzee akawa haikosi Jumamosi, kwangu hajafika mpaka leo.

Tarehe 18 Julai 1998 alifunga ndoa na Laurence, parokiani Mibirizi, Mungu akawajalia Mutoni na Shimwa, na kwenye arusi ile nilipeleka vidumu vyangu vya bia, vikarudi vimejaa. Kwa desturi yetu mwenye bia huonja wa kwanza mbele ya wageni, ila mimi, nikishaonja yangu, nilimpelekea yeye pia, miaka yote hiyo, nikitafuta neno moja tu, nzuri, naye alinishika bega, akaniita mdogo kwa Kifaransa, "Petit, iko bado kidogo," na mimi nikamwonea wivu, nalisema hapa mbele ya jeneza kwa sababu yeye mwenyewe alijua.

Mwezi wa Oktoba 2024 alianza kuumwa tumbo, madaktari wa Mibirizi wakaona ni kansa, na Jumatano tarehe 5 Februari 2025, mchana, akiwa kitandani nyumbani, chungu chake mwenyewe kimejaa pale pembeni, alimwambia Laurence atume watu kwangu walete bia yangu, nikaja nayo mwenyewe mbio, akalowesha midomo, akaiweka mdomoni muda mrefu, macho amefumba, nikainama, akanishika bega, akasema, "Petit," usingizi ukamchukua, hakusema tena, na Jumapili tarehe 9 akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kulala hapa nasi, wenzake wa ushirika wa ndizi, na Mzee Mudathiru, aliyekuja leo na kile kibuyu mkononi. Bia mtakayopewa tukitoka makaburini ni yangu, nimeionja wa kwanza inavyotakiwa, na mtakaosema ni nzuri, asanteni, lakini sitawaamini.

Fabien, mkubwa wangu, hata leo nakuonea wivu, umeondoka na neno langu mdomoni. Haya, lipumzike nawe kwa amani.