Historia ya Dada Yetu Aliyeitwa Haiwezekani

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mimi ni mdogo wake anayemfuata, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika nyumba ya wazazi wetu nyuma ya soko la zamani, akiwa mtoto wa kwanza, akasoma shule ya msingi kuanzia 1977 hadi 1983, kisha sekondari, na mwaka 1988 akajiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu 1991, na tangu hapo hakuna aliyekohoa nyumbani kwetu akasalimika na dawa zake.

Januari 1992 aliajiriwa hospitali kuu, wodi ya upasuaji ya wanaume, na tarehe 9 Septemba 1995 akafunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala, wakajaliwa binti mwaka 1997 na mtoto wa kiume mwaka 2001.

Mwaka 2010 alipewa usimamizi wa wodi, na hapo, nasema bila kuficha, ndipo raha ilipomtoka, kwa sababu nafasi za waliostaafu hazikuzibwa, zamu ya watu watano ikabaki na wawili, na kila muuguzi aliyeomba likizo ofisi ya utumishi ilijibu haiwezekani, ila aliyetumwa kulitamka neno hilo ni dada, mpaka wenzake wakambandika jina la Haiwezekani, naye akawa anacheka mbele yao na kulia jikoni kwake. Alikuwa akisema kwamba wakubwa hawamjui muuguzi hata kwa sura, wanamjua siku asipofika kazini.

Agosti 2022 aligundua uvimbe kwenye titi, akaomba ruhusa ya kwenda kutibiwa hospitali ya rufaa, ofisi ikamwambia avumilie hadi apatikane mtu wa kushika wodi, na hakupatikana, mpaka Januari, wauguzi wale wale waliokosa likizo walipogawana zamu zake kimyakimya wakamsukuma aende. Alikuwa amechelewa. Alifariki tarehe 2 Juni 2023, asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari waliohangaika naye, majirani mliompikia shemeji miezi yote hiyo, na ninyi wauguzi, ambao dada aliniagiza niwaambie kwamba hakuwa na kinyongo na yeyote kati yenu. Ofisi nayo imetuletea rambirambi, tumezipokea, ila tumesikia kwamba jana wodi imepata msimamizi mpya, siku tatu tu baada ya kifo chake, kumbe mtu alikuwepo.

Dada, lala kwa amani.