Vioo vya Wodi Mpya

Benchi letu linatazamana na hospitali. Katikati kuna barabara na ukuta mfupi, halafu wodi mbili: ya zamani yenye madirisha marefu, na mpya yenye vigae hadi karibu na dari. Mimi ndiye muuza kahawa, na mkono ukiwa kwenye birika, masikio yanabaki hayana kazi. Alasiri hiyo walikuwepo watatu. Fundi Rangi, aliyeipaka wodi mpya ndani na nje. Bomba, aliyelaza mabomba yake. Na Profesa, ambaye hajawahi kumfundisha mtu chochote, ila kubisha anajua. Mama yake Fundi Rangi alikuwa mle ndani, amevunjika nyonga, anasubiri upasuaji. Tangu ahamishiwe wodi mpya alikuwa hali wala hasemi, na daktari alishasema asipokula hapasuliwi.

— Leo wakifungua geti la kuona wagonjwa, namtoa, alisema Fundi Rangi. Namrudisha nyumbani.

— Na nyonga hiyo? alisema Bomba. Hatatembea tena, ndugu yangu.

— Afadhali asitembee ila aniongeleshe. Jana nimekwenda kumwona, kanitazama tu, kageukia ukutani. Mama yangu huyo. Wodi ya zamani si alikuwa ananigombeza hadi hapa?

Kweli kabisa. Nesi alikuwa akitoka zamu anavuka barabara kuja kunywa kahawa, na kabla hajaketi anamwambia Fundi: "Bibi anasema ukae wima, na hicho ni kikombe cha tatu." Tulikuwa tunacheka hadi kahawa inamwagika.

— Ni vigae, alisema Profesa, miguu yake ameinyoosha juu ya benchi kama kawaida. Vigae vinanyonya joto la mtu. Ukimzungushia mgonjwa vigae pande zote, joto linamhama. Kwani mochwari wameweka nini?

— Usitaje mochwari mbele ya mwenye mgonjwa.

— Natoa mfano.

— Mfano wako utie mfukoni, alisema Bomba. Tatizo ni korido. Mimi nilikuwa nikisahau spana mwisho wa ile korido, naona bora niazime nyingine. Nesi akiitwa chumba cha mwisho, akifika ameshasahau kaitiwa nini. Zamani meza yake ilikuwa katikati ya wodi, anakuona hata unavyopumua. Siku hizi amewekwa nyuma ya kioo kama keshia wa benki.

— Ndiyo maana manesi wamenuna.

— Hawajanuna, miguu inawauma.

Hapo nilitaka kumuunga mkono, kwa sababu yule nesi wetu siku hizi anavua viatu kwanza, salamu baadaye. Lakini Profesa alikuwa ameshashika usukani.

— Sikilizeni. Aliyechora hospitali ile alikuwa mchoraji wa viwanja vya ndege. Angalieni mapokezi. Viti vimefungwa pamoja, sauti inaita majina na hakuna anayeielewa, watu wamekumbatia mifuko yao. Mle mtu halazwi, anasubiri kuruka. Bibi ameshashtuka, ndiyo maana ameacha kula.

— Ramani ilishikwa juu chini, alisema Bomba. Mimi nilikuwepo. Pale palipo vyoo palitakiwa jiko. Chakula kinapita vyooni kabla hakijafika kitandani. Mtu mwenye akili zake lazima asuse.

— Rangi lakini ni nzuri, alisema Fundi Rangi.

— Hakuna aliyetaja rangi.

— Nasema tu. Ile ya kijani nimeichagua mwenyewe, inatuliza. Na vioo vya chini vya madirisha nimevipiga rangi ya maziwa mara mbili, hata uweke pua huoni kitu. Matroni alilalamika kwamba watu wa benchi hili wanachungulia wagonjwa.

— Profesa huyo.

— Mimi nilikuwa nachunguza.

— Ulikuwa unabashiri nani atatoka na nani hatatoka. Kwa sauti.

Profesa akaomba kikombe kingine. Nilikuwa namimina cha mwisho aliposimama mbele yetu mwanamke mwenye begi la safari, amechoka, kanga imemkaa upande. Alikuwa dada mkubwa wa Fundi Rangi, ameshuka basi sasa hivi.

— Shikamoo, dada, alisema Fundi, akasimama kumpokea begi.

— Marahaba. Mama anaendeleaje?

Wakamjibu wote watatu kwa pamoja. Vigae, korido, ndege, jiko. Fundi akamalizia kwamba anamtoa leo leo, ameshaamua. Dada alisikiliza mpaka mwisho, macho yake kule ng'ambo.

— Nimewasikia, alisema. Sasa niambieni, akiwa amelala pale, anaona nini?

Bomba alijua bomba gani linapita chini ya kitanda kile. Profesa alijua viti vya mapokezi vimefungwa vipi. Wote walikuwa wamekwenda kumwona yule mama, na wote walikuwa wamesimama.

— Kuna dirisha, alisema Fundi polepole. Kitanda kiko ubavuni mwake.

— Sikuuliza kuna nini. Nimeuliza anaona nini.

Fundi aliyatazama madirisha marefu ya wodi ya zamani. Akatazama mahali anapokaa kila siku, hapo mwisho wa benchi. Nilimwona uso unavyobadilika, nikamhurumia, maana kazi ile aliifanya vizuri. Akafungua mkoba wake wa vifaa, akatoa bamba la kukwangulia rangi.

— Matroni atasema, alisema Bomba.

— Atasema.

Geti likafunguliwa, akavuka na dada yake. Benchi likapoa. Profesa alianza habari ya rubani, akaiacha njiani. Baada ya muda tukaona kitu kwenye dirisha la mwisho, chini kabisa, katikati ya ule weupe: kitundu cheusi, kikapanuka hadi kikawa upana wa sahani.

Nesi alipotoka zamu alikuja moja kwa moja, akavua viatu. Nikamwonyesha birika tupu. Akaketi hivyo hivyo.

— Bibi wa chumba cha mwisho ameomba uji, alisema. Na anauliza, ni mtoto wa nani yule aliyeweka miguu juu ya benchi la watu?

Profesa alishusha miguu, mmoja mmoja.