Askofu Amefungiwa Ndani

Fundi cherehani, aliyetoka nyumbani mbiombio, alikaa basini nyuma ya kinyozi wa mtaani kwao na dada mmoja waliokuwa wakibishana juu ya sataranji kama wanagombania kiwanja.

“Mimi nikipewa kete nyeusi, mpinzani akisukuma askari wa malkia naziba katikati tu. Hapenyi mtu!”

“Na kete yako ya askofu? Umefunga njia hata hajatoka. Umemfungia ndani, kaka!”

“Humo yuko salama.”

“Salama wapi? Hana pa kutokea!”

Fundi akapapasa mkoba. Mlango aliufunga, funguo zote mbili za nyumba anazo yeye, na mama mkwe alimwacha anaoga.

Basi likasimama. “Hebu tuamulie, fundi,” kinyozi akageuka. Fundi alishashuka, anatimua mbio kurudi alikotoka.