Kibonde cha Babu Pole

Benchi letu halina miguu wala egemeo. Ni jiwe refu lililolala pale kona, kati ya kibanda changu cha kunyolea na cha fundi baiskeli tunayemwita Spana. Katikati lina kibonde, laini kama sabuni iliyotumika, na hapo ndipo mahali pa mzee tunayemwita Babu Pole. Haongei sana yule mzee. Anakunywa kahawa, tukicheka naye anacheka, wa mwisho. Wiki hii hajaonekana, na mimi ambaye nyumbani sina wa kuongea naye, nimemkosa kuliko nilivyodhani. Leo fundi cherehani, tuliyemwita Wakili kwa mdomo wake usiopoa, kaja na kikombe chake akajikalia kibondeni.

— Toka hapo, Spana akamwambia. Mwenyewe atakuja.

— Kiti hakina mwenyewe. Mwacha asili ni mtumwa.

— Hiyo imeingiaje?

— Imeingia polepole. Hiki kibonde, nyie, kimechimbwa na makalio. Watu wamekaa hapa enzi na enzi. Wahenga walisema, mkaa bure si sawa na mtembea bure.

— Hiyo inamsifu mtembea!

— Inategemea mwenzako kakaa wapi.

— Makalio hayali jiwe, Spana akasema. Hapa palikuwa pa kunolea mapanga. Jeshi zima lilipanga foleni.

— Jeshi gani?

— La zamani. Usinihoji, hatuko kortini.

Nikatia langu:

— Mimi naona lilikuwa jiwe la kusagia.

— Kinyozi, unga umekukaa kichwani! Wakili akasema. Sikilizeni. Hiki ni kiti cha mfalme. Kulia waziri, kushoto mnyongaji.

— Mfalme akae juani hivi?

— Kivuli alishikiwa.

— Basi Babu Pole ni mjukuu wa mfalme, Spana akasema. Ndiyo maana haongei na makabwela.

Tukacheka. Kicheko kikaisha ghafla, maana yule wa kucheka mwisho hakuwepo.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama mbele yetu, mkoba wa safari mkononi.

— Shikamoo mama. Karibu ukae, Wakili akasema, akainuka.

— Marahaba wanangu.

Hakukaa. Alivua kiatu kimoja, akaweka unyayo kibondeni. Ukaenea.

— Hiki kilikuwa kizingiti chetu, akasema. Nyumba ilibomolewa walipopanua barabara. Mama alikuwa akitugombeza: msikanyage katikati, mtalimaliza jiwe. Nani alimsikia?

Wakili akainama kukitazama kile kibonde alichokuwa amekikalia.

— Kaka yangu hukaa hapa kila siku, mama akaendelea. Mzee mpole, mweupe kichwa kizima.

— Babu Pole! Spana akadakia. Huyo wetu kabisa!

Uso wa mama ukakunjuka.

— Kumbe ni ninyi. Kwenye simu habari zake zote ni ninyi. Huniambia, dada, usinihofie, siko peke yangu. Sasa simu hapokei, na moyo umekataa kutulia, nikapanda basi. Nipelekeni kwake, wanangu. Anaishi wapi?

Spana akamtazama Wakili. Wakili akanitazama mimi. Njia zilizotoka pale kona zilikuwa nyingi, na jioni mzee alipoondoka hakuna aliyewahi kuangalia anashika ipi.

— Tutaulizia, mama, nikasema. Tutauliza kila mlango.

Nikaona aibu kabla sijamaliza.

— Ila tuanze na jina lake. Anaitwa nani?