Uchuro kwa Benki Nzima

Mama mmoja alikuwa ndani ya treni, anakwenda kwa wakwe kusuluhisha ndoa ya mwanawe iliyoingia ufa. Mbele yake abiria wawili wasiojuana, mwanamke na mwanamume, walikuwa wanabishana kuhusu kazi zao.

“Mimi huandika benki itakavyozikwa, ikiwa bado nzima,” dada alisema, “ili ikianguka isiumize watu. Wakubwa wake wanasema nawafanyia uchuro.”

Mama akaguna. Mwenye afya kupimwa sanda, si uchuro huo?

“Kabla ya kuwaza kuzika, ungeanza na kiungo, dada,” kaka akacheka. “Mimi hutafiti vyuma viwili vinapoungana. Pale mpakani, atomi za kila upande husogea kidogo, zipeane nafasi. Zikikataa, ufa huanzia hapo hapo.”

“Na zikisogea, havivunjiki?”

“Vyaweza kuvunjika, lakini…”

Treni ikasimama. Mama akashuka shingo upande. Wakwe walisimama kule stesheni, mikono kifuani, hakuna aliyesogea.

Akasogea yeye.