Dada Yetu Bi Vifungo na Vipindi Vyake vya Kimya

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Bi Vifungo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika nyumba ya pili nyuma ya kituo cha mafuta. Alikuwa kitindamimba wa mwalimu wa hesabu na mkunga. Alichelewa kusema hadi miaka mitano. Baadaye madaktari walitambua kuwa ana usonji.

Alianza shule Januari 1987, akaondolewa darasa la tatu. Aliweza kuitwa asiitike, macho ameukodolea ukuta. Walimu walisema ni kiburi, wakamchapa. Kaka yake anayesoma wasifu huu naye alimpiga makofi kwa kosa hilohilo, zaidi ya mara moja.

Mwaka 1996 fundi cherehani wa sokoni alimpa kazi ya kushona vifungo. Shati lilichakaa, kifungo chake kikabaki. Fundi ndiye aliyegundua kuwa haikuwa kiburi.

“Huyu hanigomei,” alimwambia mama. “Sindano inasimama hewani, kope zinachezacheza, kisha anaendelea palepale. Mpelekeni akapimwe.”

Tarehe 9 Septemba 1998 alipelekwa kupimwa mawimbi ya ubongo. Hakupenda kuguswa kichwa. Mpimaji, mama mvumilivu, alimkabidhi nyaya, akamwambia ambandike kaka yake kwanza. Alizibandika zote ishirini na moja, akanyoosha mmoja uliopinda, ndipo akasema, “Haya, zamu yangu.”

Mawimbi yalionekana kuvurugika hata alipokuwa ametulia tuli. Daktari alieleza kuwa si kila kifafa humwangusha mtu, na kwamba huwapata wenye usonji mara nyingi kuliko wengine.

“Alipokuwa haitiki,” alisema, “hakuwa anawasikia.”

Baba alitoka, akakaa kwenye ngazi. Kaka alimwomba msamaha siku hiyohiyo. Dada alijibu, “Usinipige tena.” Hakupigwa tena.

Hakuolewa. Shangazi alipomuuliza angependa mume wa namna gani, alisema, “Asiyevaa fulana.”

Dawa zilimsaidia miaka mingi. Kuanzia 2019 alianza kuanguka, na dawa zikabadilishwa mara tatu. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, mama alikwenda kumwamsha akakuta ameshafariki. Daktari alisema kifafa kilimchukua usingizini.

Baba alimtangulia mwaka 2011. Dada ameacha mama, kaka wawili, fundi wake, na watoto wanne waliomwita shangazi. Mmoja wao naye hukodoa macho asiitike. Ameshapimwa, anatumia dawa, na hajawahi kupigwa.

Lala salama, dada. Upumzike.