Saa Alipima Mwenyewe

Marehemu, ambaye karibu wote mliosimama hapa mlimwita Saa, alizaliwa tarehe 11 Juni 1989 katika chumba cha nyuma ya bucha ya baba yake, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho. Baba alikuja kumpokea akiwa na damu ya ng'ombe hadi kwenye viwiko. Mkunga akamfukuza kwa matusi yasiyofaa kusomwa mbele ya jeneza.

Akiwa darasa la tano aliumwa koo na homa, akaambiwa anywe maji moto. Homa ile ilishuka mpaka moyoni ikautafuna. Mwaka 2005 madaktari walimpasua mfupa wa kifua kwa msumeno, wakamwekea vali ya chuma ya kupitishia damu, na tangu hapo moyo wake ukawa unasikika ukigonga. Katika mtihani wa mwisho wa sekondari, msimamizi alisimamisha darasa zima akisaka saa iliyofichwa. Marehemu alifungua kifungo cha juu, akamwambia aichukue kama anaweza. Nyumbani ikawa kawaida kuzima redio kabla ya chakula cha jioni, kusikiliza moyo wake kwanza, ndipo kula.

Alifanya kazi buchani na kaka yake. Vidonge vya kuzuia damu isigande, alivyomeza tangu upasuaji, vilifanya mkato mdogo tu uloweshe taulo mbili, na mama alimsihi atafute kazi ya kukaa. Yeye akashika shoka. Alipasua mifupa ya paja kwa pigo moja, na mteja mmoja aliyethubutu kumshika kiuno alirudi kwake na utumbo mbichi shingoni.

Mwaka 2014 aliolewa na fundi wa kunyoosha bodi za magari, mtu mpole ambaye kelele za nyundo zilikuwa zimeshamla nusu ya masikio. Daktari wa moyo aliwaeleza bila kuficha: vidonge vile vingeweza kumlemaza mtoto tumboni; kuviacha kungegandisha damu kwenye chuma; na hata akihamia kwenye sindano za kazi ile ile na kujichoma zote, hatari ingebaki. Mume alisema hataki mtoto kwa bei hiyo. Marehemu alinyamaza miaka minane. Alirudi kwa daktari peke yake, akauliza, akaenda zake, akarudi tena. Mwanzoni mwa 2023 alimwambia mume wake kuwa yuko tayari.

Familia ilipata habari tumbo likiwa limeshaonekana. Mama alimzaba kofi, na shavu likawa jeusi mpaka shingoni. Kaka hakuuliza kitu. Alikwenda gereji akamvunja shemeji yake meno mawili, akijua kwa hakika kwamba dada yake amelazimishwa. Marehemu alipojitia katikati, kiwiko kikampata puani, damu ikamwagika kwenye boneti ya gari la watu na ikagoma kukatika.

"Hakunilazimisha mtu," alisema, kitambaa kikiwa usoni. "Tangu utoto naishi kwa kuogopa. Hiki nimekitaka, nimekipima mwenyewe. Msikanyage kwangu mpaka nijifungue."

Hawakukanyaga. Kwa hiyo jioni zile hakuna aliyezima redio amsikilize moyo. Mlio ulipoanza kufifia, aliyelala naye hakuwa na masikio ya kuusikia, na pumzi ilipokuwa fupi, yeye mwenyewe alidhani ni uzito wa tumbo. Mimba ilipofika mwezi wa nane alichoka na ugomvi, akaenda kwa mama yake. Mama alimkumbatia mlangoni, akaweka sikio kifuani, akapiga ukelele uliomtoa kaka buchani na kisu mkononi. Vali ilikuwa imekabwa na damu iliyoganda. Kaka ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari, mume akaliendesha kama kichaa.

Tarehe 2 Novemba, hospitali ya rufaa ilimtoa mtoto kwa upasuaji, wa kike, akilia kwa hasira. Marehemu aliwekewa binti yake kifuani kabla ya kurudishwa kwenye kisu kwa ajili ya moyo. Alimwambia mama yake maneno haya, na akataka yasomwe: "Atakayesema mtoto huyu ameniua, nitainuka humo sandukuni nimfuate na shoka." Alifariki alfajiri ya tarehe 3, akiwa na miaka thelathini na minne.

Tunaumia, na wapo hapa wanaojilaumu; hatutawasemea. Lakini jana msibani kuna mtu alimwangalia kichanga akanong'ona neno lile lile alilokataza marehemu. Kaka alimsikia, akaweka chini kisu alichokuwa amekishika, akazima redio, akaomba watu wote wanyamaze mpaka mtoto asikike akipumua.

Ameacha mama, kaka, mume, na binti mmoja ambaye hajaua mtu. Baba alimtangulia mwaka 2016. Moyo wake ulitupigia kelele miaka kumi na minane. Sasa tumwache apumzike kwa amani.